Vizibo vya madirisha ya mbao ya zamani: kipi kinastahili pesa yako Nakuru

Nyumba za zamani za Nakuru, zile za Milimani, Section 58 na zilizojengewa wafanyakazi wa reli, nyingi zina madirisha ya mbao ambayo ni makosa kuyang'oa. Utakuta mtarakwa na podo zenye nyuzi zilizobanana, mbao ambazo leo huzipati kirahisi kwenye yadi. Tatizo lake ni moja: hayafungi tena vizuri. Usiku wa Julai, baridi ikishuka karibu nyuzi 10, upepo unaingia kwenye pembe. Januari na Februari vumbi linatanda kizingitini kila asubuhi. Na ukikaa karibu na barabara kuu ya kwenda Eldoret, malori yanalala nawe chumbani.

Madukani kuna vitu vinne vinavyouzwa kama dawa ya tatizo hilo: ukanda wa sponji wenye gundi, ukanda wa raba wenye gundi, ukanda wa brashi, na silikoni ya mrija. Cha tano, raba ya mlango wa gari, hakikutengenezwa kwa dirisha lakini wengi hukinunua. Tathmini hii inavipima vyote kwa dirisha la mbao linalofunguka kwa bawaba kuelekea nje, maana ndilo limejaa katika nyumba hizi.

Jibu kwa mwenye haraka ni hili: nunua raba nyeusi ya EPDM (aina ya mpira bandia) yenye umbo la P, lakini usiinunue kabla hujaongeza komeo la pili kwenye kila bawa. Sponji ni ya msimu mmoja. Silikoni ni nzuri sana mahali pake, na mahali pake si pale wengi wanapoipaka. Brashi waachie wenye madirisha ya kuteleza. Raba ya gari irudishe kwenye gari.

Tukubaliane kwanza maneno mawili. Bawa ni kile kipande kinachofunguka. Ribeti ni ile ngazi iliyochongwa kwenye fremu ambayo bawa huikalia linapofungwa. Kizibo chochote utakachonunua kinakaa kwenye ribeti, kwa hiyo hali ya ribeti ndiyo inayoamua kama pesa yako itafanya kazi.

Pima kabla ya kutoa pesa

Kosa la kwanza hufanyika kaunta ya duka. Mtu anaomba "ile ya kuziba dirisha", anapewa iliyopo, anaibandika, kisha bawa linakataa kufunga upande wa bawaba huku upande wa komeo bado unaona mwanga. Ukanda ulikuwa mnene kupita kiasi upande mmoja na mwembamba kupita kiasi upande wa pili, kwa sababu mwanya haukupimwa.

Mwanya hupimwa kwa plastisini ya watoto wa shule. Finyanga vidonge vinane vyenye ukubwa wa punje ya maharagwe, kila kimoja ukikifunga kwa kipande cha nailoni nyembamba kisigande. Bandika kwenye ribeti: vinne kwenye pembe, vinne katikati ya kila upande. Funga dirisha kama unavyolifunga kila siku, bila kulisukuma kwa bega. Fungua, kata kila kidonge katikati kwa wembe, pima unene wake kwa rula ya milimita. Andika namba hizo kwenye fremu kwa penseli, pale pale ulipopima.

Zikiwa zote kati ya milimita 2 na 5, umebahatika, nenda dukani. Zikipishana kwa zaidi ya milimita 3 kati ya sehemu moja na nyingine, hakuna ukanda utakaokuokoa. Bawa limepinda au limelegea, na hilo lashughulikiwa kwanza. Ukipata sifuri mahali, hapo mbao inagusa mbao, na ukanda wowote utakaoweka hapo utalizuia bawa kufunga.

Fanya kipimo hiki wakati wa kiangazi ukiweza. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba wakati wa masika, Machi hadi Mei, kisha husinyaa Januari na Februari. Ukipima Aprili utanunua ukanda mwembamba, na kufikia Februari upepo umerudi. Ukilazimika kupima wakati wa mvua, chukulia mwanya utaongezeka, na kati ya saizi mbili za ukanda chagua ile inayovumilia zaidi.

Komeo la pili

Sehemu hii haiuzwi kwenye pakiti, na ndiyo inayotofautisha kazi inayodumu na inayorudiwa. Bawa la urefu wa mita 1.2 lenye komeo moja katikati hushikwa sehemu moja tu. Juu na chini kabisa hakuna kinachoivuta mbao kuelekea ribeti. Miaka ikipita, jua la mchana na mvua ya jioni hulipindisha bawa, pembe mbili zinatoka nje kwa milimita 3, 4, hata 6. Ukibandika raba, raba nayo inasukuma nje, pembe zinafunguka zaidi. Hapo mtu husema raba ni mbaya. Raba haina kosa.

Ongeza komeo dogo la kuzungusha, lile linalovuta bawa kwa mteremko wake, sentimita 15 hivi kutoka juu na lingine sentimita 15 kutoka chini. Kama pesa inatosha moja tu, liweke kwenye pembe iliyo mbali zaidi na ribeti. Lile la katikati libaki. Toboa tundu la skrubu kwanza kwa biti ya milimita 2.5, mtarakwa mkavu hupasuka ukigongelewa skrubu moja kwa moja.

Bawaba zilizolegea zina dawa yake. Toa skrubu, jaza tundu kwa kijiti cha mbao kilichopakwa gundi ya mbao, kata kilichozidi kwa patasi, acha kikauke hadi kesho yake, kisha rudisha skrubu. Kutumia skrubu nene zaidi kwenye tundu lililochakaa ni kuahirisha tatizo. Bawa likiwa limezama upande wa komeo, kipande cha karatasi ngumu ya boksi nyuma ya bawaba ya chini hulinyanyua milimita moja au mbili. Pale mbao inapogusa mbao, piga randa hadi upate nafasi ya milimita 2 pande zote, kisha paka rangi mbao iliyochunwa siku hiyo hiyo. Mbao tupu iliyoachwa wazi itavimba mvua ya kwanza na utarudi kwenye randa.

Na rangi ya zamani iliyojaa kwenye ribeti ikwanguliwe. Dirisha lililopakwa rangi kila baada ya miaka michache kwa miongo mingi limebeba tabaka zinazotosha peke yake kulizuia bawa kukaa. Loanisha kwanza, kisha tumia kikwangua na msasa wa maji. Msasa mkavu usiutumie kabisa: rangi za mafuta za miaka hiyo huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kusanya makombo kwenye gazeti, yafunge, yatupe. Usiyafagilie uani ambako kuku wanadonoa.

Raba yenye gundi

Sasa kwenye bidhaa yenyewe. Raba inayofaa hutengenezwa kwa EPDM, mpira bandia unaovumilia jua na mvua kuliko mipira mingi. Huja na gundi mgongoni, upana wa kama milimita 9, na umbo lake hutajwa kwa herufi. E ni nyembamba, ya mianya isiyozidi milimita 3. P ina kichwa chenye tundu ndani, ni ya mianya ya milimita 3 hadi 5. D ni nene zaidi, ya milimita 5 hadi 7 hivi. Kwa madirisha ya zamani yaliyokwisha kurekebishwa kama tulivyoeleza, P ndiyo hutumika mara nyingi, kwa kuwa lile tundu lake hubonyea bila kuhitaji nguvu nyingi na linapoachiwa hurudi.

Mbona nyeusi? Rangi nyeusi hutokana na masizi ya kaboni yanayochanganywa ndani ya mpira, nayo ndiyo huukinga na miale ya jua. Ya kahawia na nyeupe hupendeza zaidi kwenye fremu iliyopakwa rangi, lakini kwa dirisha linalotazama magharibi, jua la hapa kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi litazimaliza mapema. Ukitaka nyeupe, itumie upande wenye kivuli.

Dukani, fanya majaribio mawili kabla ya kulipa. Minya ukanda kati ya vidole kwa dakika nzima, uachie. EPDM hurudi umbo lake mara moja. Sponji iliyopakwa rangi nyeusi, ambayo huuzwa sana kwa jina la raba, hubaki na alama ya vidole. Kisha inua ncha ya karatasi ya mgongoni uguse gundi. Ikiwa imekauka, au inatoka na karatasi badala ya kubaki kwenye raba, ukanda huo umening'inia juani mlangoni mwa duka kwa muda mrefu. Omba roli ya ndani.

Kuhusu kiasi: dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lenye mabawa mawili yanayokutana katikati bila nguzo linahitaji mita 4.8 za kuzunguka na mita 1.2 za pale yanapokutana, jumla mita 6. Kukiwa na nguzo ya mbao katikati, kila bawa lina mzunguko wake wa mita 3.6, jumla 7.2. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata. Pakiti nyingi zimeandikwa mita 6, nayo mara nyingi ni kanda mbili za mita 3 zilizoshikana, ambazo unazichana kwa mkono. Linganisha bei kwa mita, si kwa pakiti. Duka linalokata kutoka roli kubwa huwa nafuu, alimradi roli haikukaa juani.

Kubandika ni kazi ya saa moja kwa dirisha, lakini saa hiyo iwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Umande wa asubuhi wa Nakuru hauonekani kwenye mbao iliyopakwa rangi, ila gundi inauona. Futa ribeti kwa kitambaa chenye spiriti, subiri ikauke. Kama umepaka rangi mpya ya mafuta, ngoja wiki mbili kamili. Rangi inayonuka bado inatoa hewa chini ya gundi, na ukanda utabanduka na ngozi ya rangi.

Anza juu. Kata kila kipande kwa urefu wa upande wake, sawasawa, kwa mkasi mkali. Usipindishe ukanda mmoja kuzunguka pembe, maana kichwa cha P hujikunja pale na kuacha tundu. Na usivute. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko jingine lolote: mtu anaondoa karatasi yote, anavuta ukanda unyooke, anabandika. Ndani ya wiki chache raba imejirudi na kila pembe ina pengo la sentimita moja. Ondoa karatasi sentimita 20 kwa 20, laza ukanda bila kuuvuta, bonyeza kwa kidole gumba, endelea. Kwenye pembe, vipande viwili vigusane kabisa, kichwa kwa kichwa. Acha dirisha wazi kwa saa moja au mbili kabla ya kulifunga mara ya kwanza.

Upande wa bawaba una kanuni yake. Pale bawa haliji mbele moja kwa moja, linazunguka, kwa hiyo linasugua ukanda badala ya kuukandamiza. Ukiweka ukanda mnene hapo, kila kufunga ni kung'oa skrubu za bawaba kidogo kidogo. Tumia E upande huo kama mwanya ni mdogo, hata kama pande tatu nyingine umetumia P. Ubandike kwenye uso wa ribeti unaotazama nje, si kwenye ubavu wa fremu.

Dirisha linalofunguka nje lina faida moja: upepo mkali unalisukuma bawa likaze raba zaidi. Lina hasara pia, maji ya mvua hukutana na raba ya chini. Hiyo si shida iwapo maji yana njia ya kutoka. Angalia chini ya bawa na chini ya kizingiti. Mafundi wa zamani walichonga mfereji mwembamba wa kudondoshea maji. Mara nyingi umejaa rangi. Uzibue kwa ncha ya patasi. Kwa watu wa Kericho na Molo, ambako mvua huja kwa ubavu, mfereji huo una kazi kubwa kuliko raba yenyewe.

Usiipake raba rangi. Ikipakwa inakuwa ngumu kama plastiki na inagandisha dirisha. Kila mwaka kabla ya Juni ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikauke, kisha ipake poda ya watoto kwa wembamba. Raba nzuri iliyowekwa vizuri hukaa miaka minane hadi kumi.

Sponji

Ni rahisi kupata na ni laini kiasi cha kuziba mwanya usio sawa, ndiyo maana inavutia. Ina matumizi ya haki: mpangaji atakayehama baada ya miezi sita, au dirisha ambalo halifunguliwi kabisa. Zaidi ya hapo ni pesa inayoyeyuka. Sponji yenye matundu yaliyounganika hunywa maji, hukaa na maji hayo dhidi ya mbao, na pembe ya chini inaanza kuoza. Jua huifanya unga wa njano. Ikibonyezwa miezi kadhaa hairudi tena, kwa hiyo mwanya ulioziba Juni uko wazi ifikapo Desemba. Baada ya mwaka mmoja au miwili utakuwa unakwangua gundi yake kwa mafuta ya taa, kazi inayochukua muda mrefu kuliko kuibandika.

Kuhusu kelele haisaidii kitu cha kutajwa. Sponji inayopitisha pumzi ukiipuliza kwa mdomo inapitisha sauti vilevile. Jaribu dukani: weka mdomo, puliza.

Brashi na raba ya gari

Ukanda wa brashi, nywele za nailoni kwenye mgongo mwembamba, hutengenezwa kwa vitu vinavyoteleza. Kwenye dirisha la bawaba unapunguza vumbi na wadudu, upepo kidogo, kelele karibu hakuna. Kisumu hata hivyo una nafasi yake. Kule kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari hakuna anayeomba chumba kisichopitisha hewa; anachotaka ni mbu na wadudu wa ziwani wasipite pembeni ya bawa. Brashi chini ya dirisha na wavu safi juu vinatosha.

Raba ya mlango wa gari ni imara, inapatikana kwa kila muuza vipuri, na haifai. Ina ulimi wa chuma ndani unaohitaji ukingo wa bati wa kuuma. Kwenye mbao unalazimika kuipigilia misumari. Pili, unene wake wa milimita 12 hadi 15 ulipimwa kwa mlango mzito unaobamizwa. Bawa la mbao lenye komeo dogo haliwezi kuibonyeza. Ama dirisha halifungi, ama komeo linang'oka.

Silikoni na wenzake

Silikoni haizibi kinachofunguka. Inaziba kisichosogea: mstari kati ya fremu na ukuta. Mstari huo husahaulika, na kwenye nyumba za mawe ndiko upepo mwingi unakopita, kwa kuwa fremu imesinyaa na plasta imejitenga nayo. Washa udi siku ya upepo, utembeze polepole kuzunguka fremu yote upande wa ndani. Pale moshi unapolala ubavu, pana tundu.

Kwa mstari wa ndani utakaopakwa rangi, nunua kijazio cha akriliki, si silikoni. Silikoni haishiki rangi, na mafundi wa rangi wanaijua kero hiyo. Kwa nje ambako mvua hupiga, tumia silikoni isiyo na harufu ya siki au kijazio cha poliyurethani. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, inakula misumari na bawaba zilizo karibu, na haishiki vizuri kwenye plasta ya saruji.

Mrija wa mililita 300 ukitoa mstari wa milimita 6 kwa 6 unafika kama mita 8. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina mita 4.8 kwa ndani, kwa hiyo mirija mitatu inatosha madirisha matano upande mmoja. Pengo lizidilo milimita 10 usilijaze kwa mrija pekee. Litazama na kupasuka. Lijaze kwanza kwa kamba ya sponji ya mviringo au mota ya saruji na chokaa, kisha mstari juu yake. Povu la kopo linaloumuka linafaa kwa mapengo marefu yasiyofikika, lakini ni jepesi, kwa hiyo sauti hulipenya kwa urahisi. Likate likikauka, ulifunike kwa plasta pande zote mbili.

Ipo mbinu ya kutengeneza raba yako kwa silikoni: unapaka mstari kwenye ribeti, unalifunika bawa kwa mafuta ya kujipaka, unafunga ili silikoni ijifinyange kwa umbo halisi la mwanya. Inafanya kazi, na kwa bawa lililopinda lisilorekebishika ndiyo suluhisho bora. Ila silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku, na ikiwa imefungiwa ndani ya mwanya huchelewa zaidi. Dirisha halifunguliwi siku tatu. Na siku utakapotaka kupaka rangi fremu hiyo, utaikwangua yote.

Usizibe kwa silikoni nafasi kati ya chini ya bawa na kizingiti upande wa nje. Maji yakiingia juu hayatoki tena.

Puti

Kioo kinachotetema lori likipita hakihitaji ukanda, kinahitaji puti mpya. Ondoa yote iliyopasuka, paka ribeti ya kioo mafuta ya kitani au praima kwanza. Hatua hiyo ikirukwa, mbao kavu hunyonya mafuta ya puti na ndani ya mwaka imekuwa chaki. Weka kitanda chembamba cha puti, kandamiza kioo kutoka pembeni, shikilia kwa misumari midogo kila sentimita 20, kisha puti ya mbele kwa mteremko. Ngoja wiki mbili hadi nne ndipo upake rangi, na rangi ipande juu ya kioo milimita 2 ili maji yasipenye kwenye ukingo.

Kelele ni hesabu nyingine

Wauzaji huahidi kimya, nasi tunataka ununue ukijua unachopata. Chukua dirisha letu la mita 1.44 za mraba lenye mwanya wazi wa milimita 2 kwenye mita 6. Hiyo ni sentimita 120 za mraba, sawa na tundu la sentimita 11 kwa 11 ukutani. Ni asilimia 0.8 tu ya dirisha, lakini kwa mwanya ulio wazi moja kwa moja inatosha kulizuia dirisha zima kupunguza zaidi ya desibeli 21 hivi, hata uweke kioo cha benki. Kioo cha milimita 4 peke yake kina uwezo wa kama 29. Kwa hiyo raba inakurudishia hadi desibeli 8 ambazo kioo kilikuwa nazo tayari, na sikio huhesabu 10 kama kupungua kwa nusu. Utazisikia. Honi, boda boda, mazungumzo ya barabarani, makanga wanaoita abiria: hizo hupungua waziwazi kwa sababu ni sauti za juu zinazopenda mianya.

Mngurumo wa lori linalopanda mlima hautaondoka kwa raba. Ni sauti nzito, hupita kwenye kioo chenyewe kwa kukitikisa, na kinachoizuia ni uzito na umbali. Kila milimita ya kioo ina kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kutoka milimita 3 hadi 6 ni kutoka kilo 7.5 hadi 15, na bawaba za zamani huenda zisiubebe uzito huo. Njia bora ni kuacha dirisha la nje lilivyo na kuongeza la pili kwa ndani, kwenye fremu yake, likiwa umbali wa sentimita 10 au zaidi kutoka la kwanza. Kuta za mawe za nyumba hizi ni nene, nafasi ipo. Tumia kioo cha unene tofauti na cha nje, kwa mfano 6 ndani kama nje ni 4, visitetemeke kwa mdundo mmoja. Nalo lipe raba ya P kuzunguka, vinginevyo umerudia kosa la kwanza. Acha kati ya madirisha mawili pawe pakavu na pafunguke kwa kusafisha, la sivyo utafungia unyevu.

Yale matundu ya kudumu juu ya dirisha yasizibwe. Najua yanaingiza kelele, na kishawishi ni kikubwa ukishaona chumba kimetulia. Jiko la makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichozibwa raba pande zote bila tundu la juu ni hatari ya kifo kwa familia inayoota moto Julai. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala kabisa, limezimwa nusu au la. Kelele ya tundu ipunguze kwa kuligongelea kwa ndani kisanduku cha mbao kilichofunguka chini, chenye blanketi nzito ukutani mwake: hewa inapinda na kupita, sauti inagonga blanketi. Hakikisha njia ya hewa ndani ya kisanduku si nyembamba kuliko tundu lenyewe.

Utaratibu wa kununua kwa mwenye bajeti ya kupima: mwezi wa kwanza makomeo, skrubu na mrija wa akriliki, wa pili raba ya vyumba vya kulala tu, puti wakati wowote wa kiangazi, dirisha la pili la ndani kwa chumba kinachotazama barabara, likihitajika baada ya hayo yote. Wiki nne baada ya kubandika raba, rudia jaribio kwa ukanda wa karatasi: funga dirisha juu yake, uvute. Ikitoka bila kukwama, sogeza kipokeo cha komeo ndani kwa milimita moja, ujaribu tena sehemu zote nane ulizoandika kwa penseli.